Video imekataa kufunguka kwenye TV? Mwongozo kamili wa kubadilisha faili, kutoka kibandani Busia

Mwalimu alifika kibandani saa kumi na moja jioni, flashi kaifunga kwenye leso kama dawa. Ndani yake kulikuwa na video ya dakika tisa aliyoipakua kwenye hazina ya mtandaoni ya Wikimedia Commons, inayoonyesha jinsi moyo unavyosukuma damu.

"Fundi, kwenye simu inacheza vizuri. Nikiichomeka kwenye TV ya shule, inakataa. Na kipindi ni kesho saa mbili."

"Imeandika nini, Mwalimu?"

"Kizungu kingi. Maana yake imekataa tu."

Kibanda changu kiko Busia, upande wa Uganda, mahali ambapo Kiswahili huvuka mpaka bila kuulizwa kitambulisho. Nauza chaji na kava za simu, lakini nusu ya kazi yangu ni hii: watu wanaleta video walizozitoa mtandaoni, kifaa walichonacho hakizitaki. Zamani nilikuwa na jibu jepesi. Nilibofya jina la faili, nikafuta .webm, nikaandika .mp4, nikapokea shilingi zangu. Mteja wa kwanza niliyemfanyia hivyo alirudi baada ya saa moja na flashi mkononi, akanieleza mbele ya watu wote waliokuwa wanachaji simu. Alikuwa na haki. Sikuwa nimebadilisha chochote.

Siku hizi sigusi faili kabla ya kujua ni kitu gani hasa kinachokataliwa. Ukishalijua hilo, kazi ya saa nzima mara nyingi inakuwa kazi ya sekunde kumi, na ubora wa picha haupungui hata kidogo.

Gunia na kilichomo ndani

Hapa mpakani magunia ya mahindi hupita kila siku. Ukichukua gunia la mahindi ukaliandika "mchele" kwa kalamu nene, atakayepika atapata mahindi. Faili ya video iko vivyo hivyo. MP4, MKV, WebM, AVI, MOV na 3GP ni magunia. Ndani ya gunia kuna picha zilizobanwa kwa njia moja, na sauti iliyobanwa kwa njia nyingine. Njia hizo za kubana ndizo zinazoitwa kodeki, na mara nyingi kodeki ndiyo inayokataliwa, gunia halina kosa.

Kwa upande wa picha utakutana na nne. H.264 ilikamilika 2003, na karibu kila kifaa chenye uhai kinaisoma: TV, simu ya bei rahisi, laptopu kuukuu. H.265, ambayo pia huitwa HEVC, ni ya 2013. Inabana zaidi, lakini TV nyingi za zamani haziijui. VP9 nayo ni ya 2013, kazi ya Google, na kwa kawaida hukaa ndani ya WebM. AV1 ilitoka 2018, na ndiyo inayowaletea watu matatizo mengi sasa kwa sababu mtandaoni imeenea kuliko kwenye vifaa tulivyonavyo nyumbani. Kwa upande wa sauti kuna MP3, AAC, Opus na AC3. MP3 na AAC hazina ugomvi na mtu. Opus na AC3 ndizo zinazoleta video bubu.

Kwa hiyo sikiliza malalamiko ya kifaa vizuri. Sauti ikisikika lakini skrini ni nyeusi, tatizo ni kodeki ya picha. Picha ikionekana bila sauti, tatizo ni kodeki ya sauti, na picha usiiguse. Faili isipoonekana kabisa kwenye orodha, shuku gunia, au flashi yenyewe. Picha ikicheza kwa kukwamakwama, kifaa kinaielewa video ila kinashindwa na ukubwa wake.

Kuchungulia ndani

Sakinisha VLC, programu ya bure ya kucheza video. Fungua video kwenye kompyuta, kisha bonyeza Ctrl na J kwa pamoja. Kitatokea kidirisha chenye kodeki ya picha, kodeki ya sauti, na vipimo vya picha kama 1920 kwa 1080. Kwenye simu ya Android, VLC hiyohiyo ina nukta tatu kando ya kila video, na ukizigusa utapata taarifa zake. Kwa faili ya Mwalimu ilisema VP9 na Opus. TV yake ya shule haikuwa na bahati na yoyote kati ya hizo mbili.

Neno moja kuhusu haki

Uganda ina Sheria ya Hakimiliki na Haki Jirani ya 2006, na YouTube katika masharti yake inakataza kupakua video bila ruhusa au bila kitufe ilichokuwekea yenyewe. Kibandani nafanya kazi na video za aina tatu: za mteja mwenyewe, zilizotolewa kwa leseni huru, na zile ambazo mwenyewe ameruhusu zipakuliwe. Wala si chache. Wikimedia Commons imejaa za masomo. Access Agriculture wana za kilimo kwa lugha nyingi, Kiswahili na Luganda zikiwemo, na zinapakuliwa bure. Kama video ni yako na uliipandisha YouTube kisha simu ikaibiwa, ingia YouTube Studio, nenda kwenye orodha ya video zako, gusa nukta tatu, uipakue. Utapewa MP4 yenye ubora usiozidi 720. Ukitaka ileile uliyoipandisha mwanzo, iombe kupitia Google Takeout.

Kwa nini siwapeleki wateja kwenye tovuti za kubadilishia

Ukitafuta mtandaoni, majibu ya kwanza yatakuwa tovuti zinazosema pandisha faili hapa, tutakubadilishia bure. Piga hesabu ya MB. Video ya MB 300 unaipandisha, halafu unaipakua tena ikiwa imebadilishwa. Hapo umekula zaidi ya MB 500, juu ya zile 300 za kuipata mara ya kwanza. Tangu Julai 2021 data Uganda ina ushuru wa asilimia 12, basi kila MB unayoirudia unailipia ushuru tena. Halafu kuna vitufe vya kupakulia vilivyo zaidi ya kimoja kwenye ukurasa, na cha kweli ndicho kidogo kuliko vyote. Niliwahi kubofya kile kikubwa. Nilitumia Jumapili nzima kuisafisha laptopu.

Kompyuta yako inaweza kuifanya kazi hii bila mtandao. Unahitaji bando mara moja tu, la kupakua programu.

HandBrake, kwa asiyependa kuandika amri

HandBrake ni ya bure. Matoleo mapya yanataka Windows 10 au zaidi. Ifungue, buruta video uiachie ndani ya dirisha, subiri iisome. Juu utaona sehemu ya kuchagua mipangilio iliyotayarishwa. Chagua Fast 720p30. Ya 1080 ni kubwa mno kwa TV nyingi za inchi 32 tunazouziwa, ambazo skrini zake zenyewe hazifiki hapo. Hakikisha gunia lililochaguliwa ni MP4. Kwenye ukurasa wa Video kuna kipimo cha ubora kinachoitwa RF: namba ikipungua, ubora na uzito vinapanda. Kati ya 20 na 24 panatosha. Chini kabisa chagua mahali pa kuhifadhi, kisha bonyeza kitufe cha kijani cha kuanza.

Basi. Ila HandBrake haitengenezi faili ya MP3 ya sauti peke yake, na haijui kuhamisha picha kutoka gunia moja hadi jingine bila kuzibana upya. Ndiyo maana mimi mwenyewe siitumii sana.

VLC nayo inabadilisha faili, ukibonyeza Ctrl na R. Naitaja kwa sababu utashauriwa. Imewahi kunipa sauti inayotangulia midomo, nikaiachia kazi ya kucheza video, ambayo inaiweza kuliko programu zote.

FFmpeg, chombo changu

FFmpeg ilianza 2000 na haina dirisha lenye vitufe. Unaiandikia amri, inafanya, inanyamaza. Watu huiogopa kwa siku mbili tu.

Kwenye Windows, nenda ffmpeg.org, fuata kiungo cha Windows, pakua faili iliyobanwa, uifungue, kisha chukua ffmpeg.exe uinakili ndani ya folda yenye video zako. Fungua folda hiyo, bofya pale juu palipoandikwa njia ya folda, futa maandishi, andika cmd, bonyeza Enter. Dirisha jeusi litafunguka likiwa tayari ndani ya folda yako. Kwenye Ubuntu amri ni `sudo apt install ffmpeg`. Kama huna kompyuta kabisa, sakinisha kwenye simu ya Android programu ya Termux kutoka duka la programu la F-Droid, andika `pkg install ffmpeg`, kisha `termux-setup-storage` ili iruhusiwe kuona faili za simu. Inafanya kazi ileile, ila simu inapata joto na chaji inashuka, kwa hiyo ichomeke kwenye umeme.

Zipe faili zako majina mafupi yasiyo na nafasi, kama somo.webm, la sivyo itabidi uyafunge kwa alama za kunukuu kila mara.

Anza na kuhamisha gunia tu. Mteja ana MKV, ndani kuna H.264 na AAC, TV yake inataka MP4:

`ffmpeg -i ngoma.mkv -c copy ngoma.mp4`

Hayo maneno `-c copy` yanasema: vilivyomo usiviguse, vihamishe vilivyo. Filamu ya saa mbili inaisha kabla hujamaliza soda. Ubora ni uleule kwa sababu hakuna kilichobanwa upya.

Picha ipo lakini sauti hakuna? Nakili picha, badilisha sauti peke yake:

`ffmpeg -i ngoma.mkv -c:v copy -c:a aac -b:a 160k ngoma.mp4`

Ile ya Mwalimu haikukubali njia hizi za mkato. Ukihamisha VP9 kwenye MP4 bila kuibadilisha, FFmpeg itakubali, na TV itakataa vilevile: gunia jipya, mahindi yaleyale. Ilibidi kubana upya:

`ffmpeg -i somo.webm -c:v libx264 -crf 23 -preset medium -pix_fmt yuv420p -vf scale=-2:720 -c:a aac -b:a 128k -movflags +faststart somo.mp4`

Ni ndefu, tuichambue. `libx264` ndiyo inayotengeneza H.264. `-crf` ni kipimo cha ubora, kuanzia 0 hadi 51, na 23 ndiyo ya kawaida. Ukitaka picha safi zaidi shuka hadi 20, ukitaka faili nyepesi panda hadi 28. `-preset` ni subira yako: ukiandika slow inachukua muda mrefu na faili inakuwa ndogo, ukiandika veryfast inakimbia na faili inanenepa. `yuv420p` inalazimisha rangi za kawaida za biti 8, maana baadhi ya video za mtandaoni huja na biti 10 na TV hubaki nyeusi hata kama kodeki ni sahihi. `scale=-2:720` inapunguza urefu wa picha hadi 720, na upana unajipanga wenyewe. `faststart` inaweka faharasa ya faili mwanzoni, ili ukiituma mtandaoni ianze kucheza kabla haijafika yote.

Usiiachie video nzima kwanza. Ongeza `-t 60` kabla ya jina la faili ya mwisho, FFmpeg itabadilisha dakika moja tu. Ipeleke hiyo kwenye TV. Ikikubali, ondoa `-t 60` uendelee na yote. Ushauri huu ungekuwa wa kwanza kwenye mwongozo kama ningekuwa mtu wa mpangilio, kwa sababu laptopu yangu ya zamani inaweza kukaa saa nne kwenye filamu moja, na kugundua kosa saa ya nne kunaumiza.

Kuna jambo jingine la saa nne: umeme. MP4 huandikiwa faharasa yake mwishoni kabisa. Umeme ukikatika katikati, unabaki na faili nzito ambayo hakuna kitakachoifungua. MKV haina tabia hiyo. Ikikatika, inacheza hadi pale ilipofika. Kwa hiyo kama unatumia kompyuta ya mezani isiyo na betri, bana kwanza kuwa MKV, yaani andika somo.mkv mwishoni mwa ile amri, na ikimaliza salama ihamishe:

`ffmpeg -i somo.mkv -c copy -movflags +faststart somo.mp4`

Sekunde chache tu za ziada. Nililijifunza hili baada ya kupoteza video ya mazishi niliyokuwa nimeahidi kuikabidhi siku hiyohiyo, na nikaianza upya usiku.

Ukiwa na folda yenye WebM ishirini, usiziandikie moja moja. Kwenye dirisha jeusi la Windows:

`for %f in (*.webm) do ffmpeg -i "%f" -c:v libx264 -crf 23 -pix_fmt yuv420p -c:a aac "%~nf.mp4"`

Nenda ukalale.

Deki za DVD zenye tundu la USB

Bado zipo, vijijini na kwenye vibanda vya video. Nyingi hazijui H.264 kabisa. Zinataka AVI ya mtindo wa zamani, na picha ndogo:

`ffmpeg -i somo.mp4 -c:v mpeg4 -vtag xvid -q:v 4 -vf scale=640:-2 -c:a libmp3lame -b:a 128k somo.avi`

Picha haitakuwa ya kujivunia. Itacheza.

Sauti peke yake, kwa boda na teksi

Huyu ndiye mteja wangu mkubwa. Kwaya ina video yake mtandaoni, dereva anataka wimbo kwenye spika, na redio ya gari inajua MP3 tu.

`ffmpeg -i kwaya.mp4 -vn -c:a libmp3lame -b:a 128k kwaya.mp3`

`-vn` inatupa picha. Kwa 128k, dakika moja ni karibu MB moja, na saa nzima ni kama MB 58. Wapo wanaodai 320k wakiamini wimbo utakuwa mtamu zaidi. Kama sauti ya video yenyewe ilibanwa kwa 128k, utaongeza uzito wa faili tu. Kilichokwisha kutupwa hakirudi. Hiyo pia ndiyo sababu ya kutobadilisha faili iliyokwisha kubadilishwa. Kila ukibana upya unapoteza kidogo. Weka ile ya asili, na kila toleo jipya litoke kwake.

Uzito

Ukitaka kujua faili itakuwa nzito kiasi gani, jumlisha kasi ya picha na ya sauti kwa kilobiti, zidisha kwa sekunde, gawanya kwa 8, kisha kwa 1000 upate MB. Picha ya 1000k na sauti ya 128k kwa saa moja: 1128 mara 3600, gawanya kwa 8, kisha kwa 1000, unapata kama MB 508. Kwa simu ndogo, `scale=-2:480` inatosha kabisa. Na ukituma kwa WhatsApp, itume kama hati badala ya video. Tangu 2022 hati inaweza kufika GB 2, na haibanwi tena njiani.

TV bado inakataa

Angalia flashi kabla ya kuilaumu video. TV nyingi za zamani husoma flashi iliyopangwa, yaani iliyofomatiwa, kwa mtindo wa FAT32 tu, na FAT32 haipokei faili inayofika GB 4. Kama flashi ni exFAT au NTFS, hamishia vitu vyako kwingine, ifomati upya, urudishe. Toa faili ndani ya folda zilizopandana, iache mwanzoni mwa flashi, na jina lisizidi herufi chache. Kama video ilitoka kwenye iPhone, karibu kila mara ni HEVC ndani ya MOV. Ibane kwa ile amri ndefu, na umwambie mwenye simu aingie kwenye mipangilio ya kamera, sehemu ya fomati, achague ile inayokubalika zaidi. Kama video ina manukuu ya Kiswahili kwenye faili ya .srt, ipe jina lilelile la video na uziweke pamoja. TV isipoyaonyesha, yachome ndani ya picha kwa `-vf subtitles=somo.srt`. Lakini ukumbuke yakishachomwa hayatoki.

Ya Mwalimu ilichukua dakika kumi na nne. Niliichomeka kwenye TV ya kibandani kwanza, moyo ukapiga pale skrini, na mama anayeuza nyanya mbele ya mlango akageuka kutazama. Nikaitoa flashi kwa utaratibu, si kwa kuichomoa, nikamwachia ndani yake faili mbili: somo.mp4 ya TV, na ile WebM yake ya asili. Akaifunga tena kwenye leso.